Gari la Kitufe

Gari langu la sasa linanitia kinyaa. Nikiliwasha, sauti ya mwanamke inanisalimia kwa Kijapani, na mpaka leo sijui kama ananikaribisha au ananitukana.

Kabla yake nilikuwa na pikapu ya dizeli, mlango wa abiria umefungwa kwa waya. Tangi likivuja, nililisugulia kipande cha sabuni ya mche, safari ikaendelea. Mjomba wangu wa Litapunga, aliyenifundisha kuendesha, ndiye aliyenionyesha. Niliiuza kwa muuza matofali kwa sababu moja tu: niliona aibu kuiegesha mbele ya duka langu mjini. Upuuzi mtupu.

Mjomba alipofariki, tuliambiwa maziko ni baada ya swala ya adhuhuri. Saa nne asubuhi nilikuwa nyumbani Ilembo, ndani ya kanzu, nabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Kwenye dashibodi ikatokea taa ya njano na mstari wa Kijapani. Majirani wanne niliokuwa niwabebe, nao wamevaa kanzu, hawakuuliza kitu. Kwetu gari likigoma linasukumwa. Wakakunja mikono ya kanzu, wakalisukuma mpaka barabarani, wakalirudisha, wakalisukuma tena, na mimi ndani nabonyeza kile kitufe kama mwehu.

Fundi wa Nsemulwa alikuja na spana zake. Alifungua boneti, akakuta mfuniko mpana wa plastiki, akarudisha spana mfukoni.

"Hili otomatiki, kaka. Hata nyie mlisukume mpaka Litapunga, haliwaki. Linataka kompyuta, na kompyuta yenyewe iko Mbeya."

Nilitamani kulitemea mate. Nikalitemea.

Saa sita ilikuwa imeshapita ilipotokea pikapu yangu ya zamani, imejaa matofali, waya ukiwa palepale mlangoni. Mwenyewe alituonea huruma, akageuza njia. Tulipanda juu ya matofali, watu wazima watano, kanzu zikawa nyekundu kwa vumbi.

Tulipofika, watu walikuwa wanatoka makaburini. Sikutia hata kiganja kimoja cha udongo.

Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Alinitazama kanzu, kisha akanishika mkono.

"Walikusubiri, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia wasubiri. Niliwaambia una gari jipya, huwezi kuchelewa."