Nyota za Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na mke wangu husema hilo ndilo lililomtisha mama yake kuliko dini yangu. Sijui. Ninachojua ni kwamba mama mkwe hakunitaka. Alikuwa Mgisu wa Mbale, Mkristo, mjane wa askari magereza. Mimi ni Msoga, Mwislamu, mwenye duka la fotokopi Jinja mjini. Posa aliikubali kwa shingo upande. Kisha akaingia nyuma ya pazia, na mila ikamsaidia kukaa huko.

Kwetu Busoga na kwao Bugisu ni hivyo hivyo: mwanamume na mama wa mkewe hawaketi chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Tulipokwenda Mbale mimi nilikaa sebuleni nikaletewa malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga, naye akakaa chumba cha ndani, pazia la maua likining'inia mlangoni. Salamu zilipitia kwa mke wangu, ambaye alizipeleka na kuzirudisha kama tarishi wa ofisi. Miaka ilipita hivyo. Nilijua kikohozi chake na mlio wa kandambili zake, basi.

Alasiri moja mvua ilituzuia kuondoka, nikawa nachezea simu. Wakati ule nilikuwa nimejiunga na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wanaosaidia kutafuta sayari za mbali, zile zinazozunguka nyota nyingine na si jua letu. Darubini iliyoko angani hupima mwanga wa nyota, na vipimo hugeuzwa kuwa mchoro wa vidoti unaofunguka kwenye simu. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua kidogo na vidoti hushuka. Nyingine kompyuta hazizioni, ndiyo maana watu huombwa waangalie kwa macho yao na kuweka alama. Nilikuwa namweleza mke wangu hayo yote, kwa sauti yangu ya sokoni, mara pazia likasema:

"Muulize, hiyo sayari yeye naona?"

"Haionekani, mama," nikajibu mwenyewe, adabu imenitoka. "Tunaona mwanga tu unapungua ikipita."

Mke wangu akanikazia macho. Halafu nikasikia kicheko.

"Kumbe kama yeye. Akipita hapo mlangoni, mimi naona giza tu."

Sijawahi kufurahia kutaniwa kama siku ile. Kabla hatujaondoka, mke wangu aliingia ndani na simu akamfundisha mama yake namna ya kuweka alama.

Wiki hiyo hiyo alinipigia. Mila haikuacha neno lolote kuhusu simu, nasi hatukwenda kumuuliza mtu. Tulizungumza Kiswahili, maana Kigisu chake sikukijua na Kisoga changu hakukitaka. Chake kilikuwa cha kota za magereza alikoishi na marehemu mumewe, kifupi, chenye amri ndani yake. Mimi aliniita Afande, kwa dhihaka.

"Afande, leo umeona nini?"

Mwanzoni aliona sayari kila mahali, hata penye vidoti vilivyotawanyika ovyo. Baadaye akawa mgumu kuliko mimi, akikataa michoro kama mama anayekataa nyanya mbovu sokoni. Lakini alikuwa na tabia moja: alitaka tukubaliane kwanza. "Wewe naweka wapi? Na mimi naweka hapo hapo." Nikamweleza kwamba hairuhusiwi. Mchoro mmoja huonyeshwa watu wengi, kila mmoja anaangalia peke yake, ndipo maoni yanakusanywa. Tukinong'onezana, macho mawili yanakuwa jicho moja.

Akafikiri. "Basi hata hawa iko na pazia," akasema, na tangu hapo tulitajiana tu michoro tuliyokwisha kuimaliza, tukagombana juu yake.

Sasa hayupo, na ninazitamani sana alasiri zile. Mashine yangu ikinguruma, wanafunzi wamepanga foleni wakisubiri nakala zao, na mimi simu nimeibana kwa bega nikibishana na mama mkwe kuhusu nyota. Wateja walidhani nina wazimu kidogo. Nilikuwa na furaha.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka.

Anayejua mila zetu ameshaelewa. Wanasema mkwe na mama mkwe wakizoeana, adhabu yake ni hiyo, mikono kutetemeka mpaka kufa. Daktari alisema ni ugonjwa wa neva, akampa vidonge. Ndugu za mke wangu walimsikiliza daktari kwa heshima, halafu wakanipigia mimi simu: niache kumzoea mama yao. Nilitaka kuwajibu vibaya, na nikawajibu vibaya. Lakini nikaacha, kwa sababu lawama zote zingemwangukia mke wangu. Naye mama, kidole chake kikawa kinagusa pembeni ya pale alipokusudia. Akaizima simu, akaifungia kabatini. Mke wangu alirudi kutoka Mbale akaniambia kwamba mama anashinda akitazama ukuta. Iliniuma kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Tulikwenda kumwona tena shule zilipofungwa. Dada mkubwa wa mama mkwe alikuwa ameweka kiti karibu na pazia, ananiangalia mimi tu. Nikala kimya. Hata kukohoa niliogopa.

"Afande uko?" sauti ikatoka ndani.

Nikamtazama yule dada. "Niko, mama."

"Mikono yangu kwisha tetemeka."

"Nimesikia, mama. Pole sana."

"Sasa kama adhabu kwisha fika, sisi naogopa nini ingine? Ingia."

Dada yake akamwita Yesu kwa sauti. Mke wangu akainama akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Mimi nikasimama, nikafunua pazia.

Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, amekaa kitandani, simu mapajani. Akanitazama usoni, kwa muda mrefu, kama aliyekuwa akisubiri hilo tangu siku ya harusi.

"Kumbe wewe mfupi," akasema.

Nikakaa kando yake. Mchoro ulikuwa umeshafunguka. Akaupeleka mkono wake juu ya vidoti, ukicheza huku na huku, mpaka nikaelewa alipotaka.

"Weka hapo."

"Mama, hapo mimi sioni kitu."

"Nani nauliza wewe? Leta kidole."

Kweli sikuona kitu. Lakini macho yaliyoombwa yalikuwa yake, si yangu. Nikabonyeza pale alipoonyesha, na mkono wake ukatua juu ya wangu, ukitetemeka, ukakaa hapo mpaka mchoro mwingine ukafunguka.