Nilivyompelekea Ndeshi Isale Duluti

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ninyi wa hapa Nkoaranga mnivumilie nikichepuka kidogo. Safari hii niliifunga kwa sababu ya mdomo wangu. Mjukuu wangu Ndeshi, mpiga makasia wa timu ya taifa ya wanawake, alikuwa na miaka minne hajakanyaga nyumbani. Alipochaguliwa nilimwambia mbele za watu kwamba binti wa mlimani akifuata maji asinihesabu babu yake. Alifunga mizigo yake. Akaenda mashindano nchi za watu, akarudi na medali, sisi tukaziona kwenye simu za majirani. Kisha tukasikia timu imepiga kambi ziwa Duluti, na wiki ijayo wanasafiri tena.

Alfajiri nilikata jani la isale mpakani mwa shamba, lile ambalo ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha. Nikashuka kwa mguu kupitia migombani. Goti la kushoto linaniuma tangu nilipoanguka na mkungu wa ndizi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Barabara kubwa nikapanda bodaboda. Dereva akaliona jani.

"Babu, bibi kakufukuza?"

Nikamwambia angekuwa bibi ningebeba na mbuzi. Alicheka mpaka Tengeru.

Saa mbili nikafika ziwani. Mama anayeipikia timu akanipa kigoda, akanionyesha boti nyembamba kama ganda la maharage, ndiyo kwanza inaondoka na wasichana wanne. Aliye karibu nasi ndiye Ndeshi, akasema, anashika mwendo na wenzake wanamfuata. Nilishangaa: wamekaa wanatutazama sisi, boti inakwenda kule migongoni kwao.

Sikungoja. Nikainua isale juu. Macho yetu yakakutana. Kwetu ukiinuliwa isale unasimama, hata kama una panga mkononi. Yeye akavuta kasia, akavuta tena, boti ikazidi kwenda. Basi, nikajua nimekataliwa. Mama akanimiminia uji, nikauweka chini.

Walirudi baada ya saa nzima. Ndeshi akaja miguu mitupu, viganja vimechunika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeliona isale, ukaniacha."

"Nikisimama mimi, babu, makasia ya wenzangu yanagongana, tunapinduka wote. Ila nilikutazama mpaka ukawa mdogo kama kuku. Ndivyo tunavyokaa. Kila safari naondoka nimeelekea nyumbani."

Nikamwambia mimi ni babu yake, na nilikosea. Akalipokea jani kwa mikono miwili ile yenye vidonda, akasema Jumapili atakuja kula.

Jioni, njia ya kupandia nyumbani, nikageuka nikapanda hatua kumi kinyumenyume. Goti lililalamika, lakini nilikotoka kote nilikuona. Miaka minne nilidhani mtoto ametupa kisogo, kumbe alikuwa anatutazama sisi.

Mke wangu mlangoni akauliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia aandae ndizi za Jumapili, sufuria ile kubwa.