Pua ya Kituo cha Maziwa

Kwa miaka kumi na tisa hakuna maziwa yaliyoingia kwenye tangi la kituo kile bila kupita kwanza puani mwa mwanamke mmoja. Jina lake wafugaji walikwisha kulisahau. Walimwita Bi Pua, naye alilichukua kama wengine wanavyochukua cheo. Mfugaji alitua debe juu ya meza ya saruji, Bi Pua akafungua kifuniko na kukinusa papo hapo, maana harufu hukaa kifunikoni na haikai sana. Akitikisa kichwa, debe linarudi lilikotoka, hata liwe la shemeji yake. Na shemeji yake alirudishiwa mara mbili.

Kisha yakaja mafua. Homa ya siku nne, kikohozi, basi. Alipopata nafuu akakaanga kitunguu, kikaungua mbele ya macho yake asisikie chochote. Akanusa chupa ya mafuta ya taa, nayo ikawa kama maji. Angesema siku ile, mambo yangekuwa mengine, lakini kiburi kilimziba mdomo. Akarudi kazini, akawa ananusa kwa kuigiza: anamtazama mfugaji usoni, anakumbuka usafi wa zizi lake, anapitisha.

Siku ya sita akapitisha debe la mzee ambaye hakuwahi kuleta maziwa mabaya. Asubuhi hiyo debe la mzee lilikuwa limevuja, akahifadhi maziwa kwanza kwenye dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, kisha akayamimina kwenye debe jingine. Kipimo cha spiriti, kile cha kuchanganya maziwa na spiriti uone kama yataganda, hukamata maziwa yaliyochacha tu. Mafuta ya taa hukamatwa na pua. Harufu ilipogunduliwa tangini, tangi zima likamwagwa mtaroni, jasho la familia sitini, na Bi Pua akasimama pale akilia kwa hasira.

Msimamizi, kijana aliyeajiriwa juzijuzi, akamwita ofisini.

"Mama, kuanzia kesho utaosha madebe."

"Nimekosa, na kuficha ndilo kosa kubwa zaidi," alisema Bi Pua. "Lakini pale mezani siondoki."

"Utanusa na nini?"

"Nipe miezi mitatu. Mwenzangu anayeandika majina atanusa, mimi nitapima kwa spiriti, na pua yangu nitaitafuta huko ilikokwenda. Nisipoipata, nitaosha madebe, na viatu vyako juu yake."

Msimamizi alikubali, nadhani kwa sababu hakujua namna ya kukataa.

Daktari alimweleza bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya seli, huteka mitambo yake na kuilazimisha itengeneze nakala zake maelfu, mpaka seli ichoke na kufa. Seli nyingine huuawa na askari wa mwili wenyewe, wakipambana na kirusi. Ndani ya pua yake zilikufa seli zinazotunza neva za harufu.

"Kwa hiyo kimeingia kiwandani kwangu, kikawatumikisha wafanyakazi wangu, halafu kikawaua," alisema Bi Pua.

"Ndivyo. Ila chini yake kuna seli changa zinazoweza kuota upya. Kwa wengine harufu hurudi, kwa wengine hairudi. Siwezi kukuahidi, mama."

"Sijaomba ahadi. Niambie kazi ya kufanya."

Kazi ilikuwa kunusa. Makopo manne, ndimu, karafuu, sabuni, kahawa, asubuhi na jioni, akikumbuka kwa nguvu kila harufu ilivyokuwa. Wiki saba alinusa hewa tupu. Wanawe walimcheka, akawacheka na wao, akaendelea. Wiki ya nane kahawa ikanuka tairi linaloungua. Angetapika, lakini furaha ilimzidi. Kumbe kulikuwa na mtu ndani, hata kama anaongea upuuzi.

Siku tatu kabla ya ile miezi mitatu kwisha, msimamizi alileta debe la maziwa ya nyumbani kwake. Mwenzake Bi Pua akanusa kifuniko, akasema ni safi. Spiriti nayo ikasema ni safi. Bi Pua akakichukua kifuniko kile kwa mazoea tu, akakisogeza puani, akatulia. Akanusa tena.

"Sabuni," alisema. "Debe halikusuuzwa."

"Mama, wewe hata kahawa hujui inanukaje," alisema msimamizi mbele ya wafugaji waliokuwa kwenye foleni.

"Kahawa inanuka tairi. Hii ni sabuni. Nimeinusa mara mbili kwa siku kwa karibu miezi mitatu, bosi wangu. Inama."

Msimamizi akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akafunga kifuniko, akalibeba debe mwenyewe hadi kwenye pikipiki yake bila kumtazama mtu.

Bi Pua akapangusa meza.

"Linalofuata," akasema.