Upande wa D

Kompyuta ya nyumbani kwetu sasa inawaka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Kaka yangu hupenda kuwaonyesha wageni. Anaizima, anaiwasha, anawauliza, "Mmeona?" Mimi huondoka nikajifanya naangalia chai.

Zamani ilikuwa nzito. Ukiiwasha ilikwaruza kama mtu anayesafisha koo, na uliweza kufua kitambaa ukakianika kabla haijafunguka. Kaka aliinunua ikiwa imeshatumika. Yeye hupiga video za harusi hapa Garissa, na humo ndimo anamozikata na kuziunganisha. Diski yake, ile sehemu ya ndani inayohifadhi kila kitu, ilikuwa imegawanywa tangu tulipoipata: upande wa C na upande wa D, kama nyumba ya vyumba viwili. C ilikuwa ya harusi. D aliniachia mimi. "Huko weka mambo yako," alisema, "ila kwangu usiguse."

Mambo yangu yalikuwa sauti ya ayeeyo, mama yake mama yetu. Nilipomaliza darasa la nane sikuendelea, kwa sababu macho ya ayeeyo yalikuwa yamekwisha na alihitaji mtu wa kukaa naye. Sikulalamika. Mimi si mtu wa maneno. Darasani nilikuwa nikiulizwa swali, jibu lilinijia mwalimu akiwa ameshafika dawati la nyuma. Ayeeyo hakunikimbiza. Alizaliwa upande wa Tarbaj, akakua akihama na ngamia, na alijua nyimbo za kazi za wanawake wa huko: za kusuka mikeka ya kuezekea, za kumpakia ngamia nyumba siku ya kuhama, za kusukasuka maziwa mpaka siagi ijitenge. Hapa mtaani kwetu Waberi hakuna anayeziimba. Maziwa tunayanunua sokoni.

Hakuweza kuimba mikono ikiwa imetulia. Alijaribu, maneno yakakataa kuja. Basi nikampa jerikani la mafuta lenye maji kidogo, akalipakata, akaanza kulisukasuka, na wimbo ukatoka wenyewe. Nikaweka kompyuta kwenye mkeka mbele yake, nikarekodi. Ukisikiliza ulisikia maji yakigonga ndani ya jerikani, mbuzi wa jirani, na ayeeyo akikatiza wimbo ili anieleze kwa nini msichana anayeimbwa anamtukana shemeji yake. Aliimba mpaka nguvu zikamwishia. Alipofariki, Allah amrehemu, hatukuwa na picha yake hata moja, kwa kuwa hakupenda kupigwa picha. Nilikuwa na upande wa D.

Kisha upande wa C ukajaa. Kompyuta ikawa inaganda bibi harusi akiwa mlangoni mwa ukumbi, mguu mmoja hewani, na wenye harusi wanapiga simu kuuliza video yao. Kaka akapata diski mpya, kubwa kuliko ile, ya aina ya SSD, ambayo ndani yake hakuna kitu kinachozunguka. Siku ya kwenda kwa fundi niliomba kufuatana naye. Njiani nikamwita aboowe, kama tunavyomwita kaka mkubwa, nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu alfajiri.

"Aboowe, diski ya zamani ikitolewa, nipe mimi."

"Ya kazi gani?"

"Ina ayeeyo."

"Chukua," akasema. "Nani mwingine ataitaka?"

Fundi ni kijana kutoka bara, na Kiswahili chake ni cha Nairobi. Aliichomeka diski mpya kwa waya ubavuni mwa kompyuta, akaangalia kioo, akapiga mluzi.

"Hii yenu ya zamani imechoka, boss. Inasoma kama babu. Nikihamisha C na D zote mtalala hapa."

"Hamisha C," kaka akasema. "Jioni nina harusi. D tutaichukua baadaye. Diski si tutabaki nayo?"

"Utabaki nayo. Utaisoma kwa huu waya, kama flash."

Niliyasikia hayo na nikaridhika. Yalikuwa maneno ya akili. C ilipokwisha kuhama, fundi alifungua skrubu za mgongoni, akaichomoa ya zamani, akaiweka mezani, na mahali pake akaitia mpya. Niliitazama pale mezani, ndogo, ungeweza kuitia mfukoni. Nilikuwa nangoja amalize ndipo niichukue. Sikutaka kunyoosha mkono mbele ya mtu nisiyemjua.

Ndipo abti alipoingia. Huyu ni kaka wa mama, na ayeeyo hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Kwetu mjomba ni abti, na yeye pia humwita mpwa wake abti. Alikuwa ameleta mbuzi mnadani, na sasa alikuwa njiani kupanda basi la kurudi Tarbaj, ambako ana duka la kuwajazia watu sinema na mawaidha kwenye simu zao. Alikuja kutuaga.

"Abti, duka hili lina joto kutushinda sisi wa Tarbaj. Huyu anapika nini?"

"Napika laptop, mzee," fundi akajibu.

"Na hii?" Alikuwa ameshaiinua diski. "Imekufa?"

"Ni nzima. Imezeeka tu, kama wewe."

Abti akacheka mpaka akaegemea meza. "Basi tutafaana. Dukani sina tena pa kuweka sinema, vijana wananikimbia. Nimeichukua, abti."

Abti akitaka kitu chako mbele ya watu, hutafuti sababu. Mtu anayemnyima mjomba wake kitu, habari zake hufika Tarbaj kabla ya basi. Kaka hata hakufikiri. "Ni yako, abti," akasema.

Nikasema, "Aboowe, D." Nilisema. Naliandika hili kwa sababu baadaye ilikuwa kana kwamba sikuwapo. Fundi alinisikia, akanitazama. Kaka alijibu bila kugeuka, kwa sauti ya chini, "Tutampigia."

"Anasema nini huyu?" abti akauliza.

"Anakuaga."

"Kwa sauti ya kifaranga," abti akasema, akaitia diski mfukoni mwa koti, akaenda kupanda basi.

Jioni ile kaka alikuwa harusini. Kesho yake nikamkumbusha, akasema ngoja amalize video. Nikamkumbusha tena, akakasirika. "Nimwambie nini? Rudisha nilichokupa? Atadhani tunamhesabia." Mama akasema kaka ana haki, mambo hayo hayaharakishwi, tutafute njia nzuri. Njia nzuri ilitafutwa mpaka harusi zikapungua. Hapo ndipo kaka alipopiga simu, akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Hiyo diski ni baraka," abti alisema kabla hajaulizwa. "Niliikuta imejaa vitu vyenu, nikaisafisha yote, nikaijaza sinema. Sasa vijana wanapanga foleni."

Kaka alinitazama. Kisha akasema, "Mashallah, abti," akauliza habari za mvua.

Nilikwenda kwa fundi peke yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza shida. Nikamweleza. "Kama angefuta tu, tungejaribu kuvuta," akasema. "Lakini amejaza vitu vingine juu yake, dada. Hapo ni pole." Hakunicheka. Wengine nyumbani hawakuniambia hata hiyo pole.

Mama alikata shauri kwamba abti asiambiwe. Amefuta sauti ya mama yake kwa mkono wake, alisema, na akijua hatalala. Nilikubali. Niliona kwamba huo ni wema, na kwamba mimi ndiye ninayeubeba.

Kabla ya Ramadhani abti alikuja tena na mbuzi, akalala kwetu. Asubuhi, nikimmiminia chai, akaniambia, "Abti, mama yako aliniambia siku za matanga kwamba ulimrekodi ayeeyo akiimba. Niwekee ule wa kusukasuka maziwa. Nakumbuka mahadhi tu, maneno yamenitoka."

Mama aliinamia birika. Kaka akawahi.

"Zilipotea, abti. Huyu alikuwa anachezachezea kompyuta, akazifuta."

Maneno yangu yalikuwa njiani, kama kawaida. Abti aliniangalia, uso wake ukabadilika, nikajua hapo angeweza kusema kitu kikali na kwamba anakizuia. "Ni mtoto," akasema mwishowe. "Msimlaumu. Njoo hapa." Akaniwekea mkono kichwani akaniombea, Allah anisamehe na anipe utulivu katika kazi za mikono yangu. Dua haikatizwi. Nikasema amin.

Kaka naye akavuta kompyuta, labda ili tuzungumze mengine. "Tazama, abti, inavyowaka siku hizi."

Abti akatazama. "Mashallah. Na nafasi iko?"

"Tele," kaka akasema. "Haijafika hata nusu."