Picha ya Mwisho Kwenye Mkanda

Nilifanya ujinga mmoja utotoni, na leo alfajiri nimeurudia kwa simu. Mimi ambaye hata Makambako naiona mbali, nimetoka na kandambili kupiga picha ukungu wa bondeni. Ulinukia paini mbichi na moshi, kama asubuhi ile mama alipokaa uani akisubiri gari la kumpeleka hospitali Bulongwa.

Mkanda wa kamera ya mjomba ulikuwa umebakiza picha moja. Mama hakuwa na picha hata moja.

“Nipige basi, leo nimechana nywele,” alinitania.

Nikaligeuzia kamera bonde. Niliona ukungu utaondoka, mama atarudi.

Jirani, bibi aliyesaidia kumzika mama, ameichungulia simu yangu.

“Huu upo kila siku, we mtoto. Piga watu.”