Vipimo vya Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia bara ya Lindi, mvua ilikuwa gumzo la kila nyumba. Kwetu gumzo hilo lilizidi. Baba yangu, Mwalimu Selemani, alikuwa na chumba cha uani alimokusanya vipimo vya zamani vya hali ya hewa. Kipimamvua cha shaba alikiokota kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa. Barometa alipewa huko kijiji cha Sudi na mjane aliyetaka kuitupa. Alichokipenda kuliko vyote ni tufe zito la kioo la kupimia saa za jua: mwanga ulipita ndani yake ukaunguza mstari kwenye kikaratasi. Hadi leo naisikia harufu ya karatasi ile, imechanganyika na moshi wa korosho alizobangua mama.

Asubuhi, baada ya chai na mihogo, baba alisoma vipimo, mimi nikaandika daftarini. "Andika ulichokiona, siyo unachokitaka," alizoea kusema. Watoto wa leo huandika wanachokitaka, tena na picha juu.

Nilipokuwa darasa la tatu, mvua ilichelewa. Mahindi yalinyauka hayajafika magotini. Siku moja kisimani wasichana wenzangu walikuwa wakijisifia baba zao. Nami, nisionekane mnyonge, nikasema, "Baba yangu ana mvua chupani. Akitaka anaifungulia."

Maneno yakazunguka kijiji kizima. Ijumaa, baada ya swala, wanaume wapatao kumi walijaa uani kwetu. Mbele alikuwa jirani yetu, Mzee Mfaume.

"Shikamoo, mzee wangu," baba alisema.

Mzee Mfaume hakuitikia. "Mwalimu, tufungulie mvua. Watu wana njaa."

"Vyombo hivi vinapima tu, mzee wangu. Havifungi kitu."

"Mwanao mwenyewe kasema."

Baba akanigeukia. Nilikuwa mlangoni, nimeng'ang'ania kanga ya mama. Ningeweza kusema kwamba nilidanganya. Nikanyamaza.

Baba akaingia chumbani, akavitoa kimoja kimoja, akavipanga mchangani kwa mikono yake. Wakavivunja kwa mchi wa kutwangia. Tufe la kioo lilipigwa mara tatu ndipo likapasuka.

Mvua haikunyesha wiki ile, wala iliyofuata. Baba hakunikaripia, lakini hakuniita tena kuandika. Nilikuja kumwomba radhi nikiwa mtu mzima, yeye amelala hospitali.

"Ulikuwa mtoto," akasema, akageukia ukutani.

Siku hizi binti yangu hutazama simu, akaniambia, "Mama, kesho mvua saa nane," nami naanua nguo. Hakuna anayemgongea mtu mlango kumdai mvua. Hakuna pia mtoto anayekaa na baba yake asubuhi kuisoma. Wenzangu wa rika langu husema utoto wetu ulikuwa mtamu. Nami husema hivyo hivyo, mpaka nifike darasa la tatu.