Kahawa Iliyooshwa Kwanza

Harufu ya kahawa iliyovundikwa, ule uchachu wenye utamu ndani yake, hunirudisha hadi leo uani kwetu Ruanda, Mbinga. Wengine huwakumbusha pesa. Mimi, wenzangu, hunitia simanzi.

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, wakawa wanakuja na magari yao hadi mlangoni. Zamani Mama akizidiwa aliita ngokela: majirani walikuja na vikapu, na kazi ikaisha kwa pombe na vicheko. Sasa kila mtu alikimbilia shamba lake. Mama, mjane, alibaki na mimi tu, binti wa darasa la nne. Kahawa nyekundu ilidondoka mitini, maharage yalipasukia shambani, na pipa la kahawa iliyokwisha kumenywa lilingoja kuoshwa.

Ndipo alipopita mama mmoja kutoka ziwani, muuza usipa, wale dagaa wa huko. Alitua beseni, wakasalimiana kwa kirefu, kisha akasema kwamba Bibi, mama yake Mama, kule Lipingo kando ya ziwa, hali tena chakula, anamtaja binti yake tu.

Mama alikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa. Alitazama shamba, akatazama pipa. Nilidhani atachukua kanga twende.

"Hii ikilala tena itaharibika, hakuna atakayeinunua," alisema. "Tuoshe kwanza. Bibi yako atatungoja."

Tukaosha. Ilipotandazwa kichanjani, tukaona heri tuchume na ile nyekundu. Ilipochumwa, ikabidi imenywe. Kahawa ile ilikuwa kama watoto mapacha: ukimbembeleza huyu, anaamka mwenzake.

Siku kadhaa baadaye, tuliposhuka Lipingo, tuliwakuta wanaume wakiosha majembe ufukweni. Mama hakuuliza walikuwa wamechimba nini. Aliketi mchangani. Mama mdogo alikuja kumshika mabega, akatueleza kwamba hadi pumzi ya mwisho Bibi alikuwa akiuliza kama ni sisi kila liliposikika gari.

Kwa miaka mingi nilimwona Mama mtu mgumu, aliyependa kahawa kuliko mzazi wake, ingawa ada yangu ilitoka humo humo.

Kisha akaugua yeye. Niliondoka ofisini kazi zimerundikana mezani, mkuu wangu amenuna. Mama alinitazama kutoka kitandani.

"Kazi zako umemwachia nani?"

"Nimeziacha, Mama."

Machozi yalimtiririka. Hapo nikaelewa kwamba siku ile hakuweka kahawa na mama yake kwenye mzani. Alizidiwa, akashika kilichokuwa karibu na mikono yake. Kahawa ilikuwa uani inanuka; Bibi alikuwa mbali, kimya.

Aliutafuta mkono wangu juu ya blanketi.

"Wewe umenikuta," alisema.